Kelele ya Umeme na Gitaa Yetu: Hambaka Ilitoka Wapi, na Tuiweke au Tusiiweke?

Mara nyingi hapa tunaandika historia ya vita, ya mipaka na ya safari. Leo naomba niandike historia ya kelele. Kelele gani? Ile "mmmmm" inayotoka kwenye amplifaya kabla hata mtu hajagusa uzi. Kila anayekuja mazoezini anaijua. Hii gitaa ya kikundi, ile nyeupe yenye pikapu tatu nyembamba, inavuma kuliko jenereta ya jirani, na tumeshachanga pesa ya kuitafutia dawa. Sehemu moja ya kikundi inasema tununue hambaka, kelele iishe. Sehemu nyingine inasema hambaka itaua sebene, gitaa itoe sauti ya mtu mwenye mafua. Kabla pesa haijatoka kwenye kopo, ni vizuri tujue hicho kitu kilitoka wapi na kilitengenezwa kujibu swali gani.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wazee wetu wa Kongo wanaita mikro, kwa Kifaransa, ndiyo maana mtu wa Kinshasa akisema "mikro ya gitaa imekufa" hamaanishi ile ya mwimbaji. Wengine tunasema pikapu. Sasa ukimwambia Mswahili wa Mombasa kwamba umebadilisha pikapu, atakuuliza ya zamani uliuza bei gani na kama ilikuwa Toyota au Isuzu. Mimi nitasema pikapu, nanyi mtanielewa.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Huo mzunguko wa waya unaitwa koili. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unaisumbua ile nguvu ya sumaku, na usumbufu huo unazaa umeme kidogo sana ndani ya waya. Umeme huo unapita kwenye kebo, unafika kwenye amplifaya, unakuzwa. Basi. Pikapu haisikii hewa kama sikio, inasikia chuma tu. Ndiyo maana gitaa ya nyuzi za nailoni ukiiwekea pikapu ya namna hii inabaki bubu.

Watu wa kwanza kufanikiwa kuiuza walikuwa George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko California, mwaka 1931 na 1932. Gitaa yao ilikuwa ya mtindo wa Hawaii, ya kulaza mapajani, na kwa umbo lake watu waliiita kikaango. Hati ya uvumbuzi walipewa mwaka 1937, wakati wengine walishaanza kufuata njia hiyo hiyo. Gibson walitoa gitaa yao ya ES-150 mwaka 1936, na kijana Mmarekani mweusi, Charlie Christian, akaifanya isikike mbele ya tarumbeta na saksofoni. Shida yao ilikuwa moja: bendi zilikuwa kubwa, gitaa ilikuwa inamezwa. Umeme ukaitoa tumboni.

Lakini koili ile ile inayosikia uzi inasikia na vitu vingine. Kila waya wa umeme ukutani, kila transfoma, kila taa ya tyubu inatoa nguvu ya sumaku inayogeukageuka, na koili inaidaka kama vile antena ya redio inavyodaka stesheni. Umeme wetu hapa Uganda unageuka mara 50 kwa sekunde, ule wa Marekani mara 60. Kwa hiyo hata kelele ina noti yake: ya kwetu iko karibu na sol, ya Wamarekani karibu na si. Mpiga besi wetu akishasoma hapa ataanza kusema ndiyo sababu anakosea tuni. Asidanganye watu.

Sasa twende nyumbani. Gitaa ya umeme iliingiaje Kongo? Baada ya vita vya pili vya dunia, wafanyabiashara Wagiriki walifungua studio Léopoldville, jiji ambalo leo ni Kinshasa. Ngoma ilianza mwaka 1948, Loningisa ikafuata mwaka 1950. Gitaa zilizopigwa mwanzoni zilikuwa kavu, za kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaja Mbelgiji mmoja mpiga jazi, Bill Alexandre, kuendesha studio ya CEFA, na yeye ndiye anayetajwa kuwa aliingiza gitaa ya umeme mjini. Vijana walioisikia hawakulala. Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938, alikuwa Loningisa tangu mwaka 1953, mtoto kabisa, na mwaka 1956 alikuwa mmoja wa walioanzisha OK Jazz. Upande wa pili alikuwepo Nico Kasanda, Docteur Nico, ndani ya African Jazz ya Grand Kallé.

Huko kwetu Katanga mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa moja, vidole viwili, Kiswahili, hakuna waya. Gitaa yake haikuvuma kwa sababu haikuwa na kitu cha kuvuma. Baadaye yeye na Edouard Masengo walifika mpaka Nairobi, na muziki wao ukafundisha vidole vya watu wengi Afrika Mashariki. Nasema hivi ili mtu asifikiri gitaa yetu ilizaliwa na umeme. Umeme uliikuta inatembea.

Kilichotokea Léopoldville ni kwamba umeme uliruhusu kugawana kazi. Gitaa moja inakuwa solo, nyingine inashika akompa, na baadaye ikaingia ya katikati, mi-solo, inayotembea baina ya hizo mbili. Gitaa tatu zote zinapiga kwa wakati mmoja, na hakuna inayomkanyaga mwenzake, kwa sababu kila moja ina mahali pake kwenye sauti. Solo inakaa juu, safi, inang'aa kama sahani. Sebene ikianza, ule mng'ao ndio unaoinua watu kwenye viti. Shikeni hilo neno, mng'ao, kwa sababu ugomvi wetu wote uko hapo.

Wakati Franco ana miaka 16 hivi na anarekodi Loningisa, mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, fundi mmoja wa redio alikuwa anahangaika na ile "mmmmm". Jina lake Seth Lover. Alikuwa anafanya kazi Gibson, na alikuwa ameshatumia ujanja wa koili mbili kuondoa mvumo ndani ya amplifaya. Akajiuliza: kama inawezekana kwenye amplifaya, kwa nini isiwezekane kwenye pikapu? Wazo la koili mbili zinazouana kelele halikuwa jipya, watu wa maikrofoni walilijua tangu miaka ya 1930. Jipya lilikuwa kulifanya liingie kwenye gitaa, lisikike vizuri na liuzike. Aliomba hati ya uvumbuzi tarehe 22 Juni 1955. Alipewa tarehe 28 Julai 1959. Miaka minne!

Ndani ya miaka hiyo minne Gibson hawakungoja. Kufikia mwaka 1957 hambaka zilikuwa tayari kwenye gitaa za Les Paul, na chini ya kila pikapu walibandika karatasi ndogo nyeusi yenye maneno ya kusema kwamba hati imeombwa. Kwa herufi za Kiingereza ni PAF. Leo watu wanalipa maelfu ya dola kwa pikapu moja yenye kikaratasi hicho. Na tena, hati ilipopatikana, namba waliyokuja kubandika baadaye haikuwa ya pikapu. Ilikuwa namba ya hati ya kifaa cha kushikia nyuzi cha Les Paul. Wanaopenda hadithi wanasema walitaka kuwapoteza washindani. Mimi naona hata ofisi kubwa ina karani wake.

Na Lover hakuwa peke yake. Ray Butts, fundi wa amplifaya wa mji unaoitwa Cairo, Illinois (ndiyo, na Marekani wana Cairo yao), alitengeneza hambaka yake kwa ajili ya kampuni ya Gretsch. Aliomba hati mwaka 1957, nyuma ya Lover, akapewa mwezi Juni 1959, mbele ya Lover. Sisi tulioishi miaka na karatasi za "ombi lako linashughulikiwa" tunaelewa kabisa kwamba aliyetangulia kwenye foleni siyo lazima atangulie kutoka.

Ujanja wenyewe ni huu, na naomba muusome taratibu. Hambaka ina koili mbili zimekaa ubavu kwa ubavu. Kelele ya ukutani inaingia koili zote mbili sawasawa. Lakini koili ya pili imeungwa kinyume, kwa hiyo kelele yake inatoka imepinduka: wakati moja inasukuma, ya pili inavuta kwa nguvu ile ile. Jumla yake ni sifuri. Sasa utauliza, na sauti ya uzi je, si nayo itakufa? Hapana, kwa sababu koili ya pili imegeuzwa na sumaku yake pia, kaskazini kumekuwa kusini. Sauti ya uzi inapinduliwa mara mbili. Mwangalieni muuza roleksi pale njiani: chapati akiigeuza mara moja, upande wa chini uko juu, akiigeuza tena, imerudi ilivyokuwa. Kelele inageuzwa mara moja, sauti ya uzi mara mbili. Kelele zinakufa, sauti zinajumlishwa. Ndiyo maana hambaka haipunguzi mvumo tu, inatoa na nguvu zaidi.

Na bei yake? Iko. Koili mbili zilizofuatana zinafanya waya kuwa mrefu, na waya mrefu wa namna hiyo unapunguza ile sauti ya juu kabisa. Tena koili mbili zinausikiliza uzi katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, na baadhi ya mitetemo midogo midogo ya juu inafutana kabla haijatoka. Kinachobaki ni sauti nene, ya joto. Kwa muziki wa rok ni baraka. Kwa solo ya sebene, wenzangu mnaosema itaua mng'ao hamjakosea. Mmezidisha tu.

Hapa niingize historia ya mji huu tunaokaa, maana kuna watu wanafikiri sisi ndio Wakongo wa kwanza kufanya mazoezi Kampala. Orchestra Makassy, bendi ya Mzee Makassy, iliundwa hapa Kampala katikati ya miaka ya 1970, kisha ikahamia Tanzania kukimbia hali ya wakati wa Amin. Ni ndani ya bendi hiyo, Dar es Salaam, alipoingia Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, mwaka 1978. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, aliunda Les Kinois na wenzake hapa Kampala mwaka 1975, wakaondoka kwenda Nairobi mwaka 1977, na huko baadaye ikazaliwa Orchestra Virunga. Mwaka huo huo wa 1975 Waganda wenyewe walianzisha Afrigo Band, akiwemo Moses Matovu, na hao hawakuondoka.

Kuna jambo moja katika maisha ya bendi za zamani hizo ambalo linatuhusu. Dar es Salaam na Nairobi, mara nyingi gitaa hazikuwa za wapigaji. Zilikuwa za mwenye vyombo: mwenye hoteli, mwenye baa, kampuni au shirika. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwanamuziki akigombana naye anatoka mikono mitupu, na vidole vyake. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo angeweza kufungua gitaa ya tajiri, kuchonga mbao, kukata waya, eti anatafuta sauti yake? Na hata angethubutu, angeweka nini? Hambaka za kununua peke yake, nje ya gitaa, hazikuwa biashara kubwa mpaka Larry DiMarzio alipotoa Super Distortion yake mwaka 1972, na Seymour Duncan kufungua kampuni yake California mwaka 1976. Kabla ya hapo, ukitaka hambaka kwa kawaida unanunua gitaa nzima yenye hambaka. Kwa hiyo sisi kubishana kama tuiweke au tusiiweke, kwenye gitaa tuliyoichangia wenyewe, ni jambo ambalo wakubwa wetu wengi hawakulipata. Tubishane kwa heshima.

Lakini kuna mtu ambaye hakungoja DiMarzio wala mwenye vyombo. Kinshasa, miaka ya 1960, Mawangu Mingiedi alikuwa anapiga likembe, muziki wa Wazombo wa mpakani na Angola. Likembe ina sauti ndogo, na mji una makelele: magari, baa, watu. Akachukua sumaku kutoka vipuri vya magari mabovu, akazizungushia waya wa shaba, akaziweka kwenye likembe zake. Pikapu, kwa mkono! Kundi lake, Konono Nº1, lilipiga hivyo miaka mingi, na vipaza sauti vya zamani vya enzi za Wabelgiji, mpaka dunia ikawasikia kupitia Congotronics miaka ya 2004 na 2005. Mingiedi alifariki mwaka 2015.

Na pikapu zake zilikuwa na kelele. Zilikwaruza, zilivuma, zilipasuka. Wao wakaiacha kelele iwe sehemu ya ngoma. Fundi wa Kalamazoo alikuwa na kiwanda nyuma yake, akaiua kelele. Mzee wa Kinshasa alikuwa na jaa la magari, akaipa kazi. Mimi sioni aibu kusema huyu wa pili ananigusa zaidi. Ila sisi tunapiga kanisani Jumapili, na mchungaji akiomba kimya kimya, ile "mmmmm" haipati kazi yoyote.

Sasa tuje kwetu. Naomba sana mtu asiruke sehemu hii, hata kama hapigi gitaa.

Kelele zetu siyo za aina moja. Hambaka inaua mvumo wa sumaku tu, ule mzito wa chini. Haiui ile "zzzzz" kali inayonyamaza ukigusa nyuzi. Hiyo inatokana na gitaa kutokuwa na kinga ndani, na dawa yake ni karatasi ya shaba au ya alumini iliyobandikwa kwenye shimo lote la ndani, vipande vikiwa vinagusana kweli kweli, kisha waya mmoja uunganishe hiyo karatasi na mgongo wa poti ya volumu. Hambaka haiui pia kelele ya kebo mbovu, wala ya chaja ya simu iliyochomekwa kwenye ekstensheni moja na amplifaya. Chomoeni hizo chaja kwanza.

Halafu kuna hatari ambayo haina kelele. Nyuzi za gitaa zimeungwa kwa waya mpaka kwenye chuma cha amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu, na soketi haina waya wa ardhi, zile nyuzi zinaweza kuwa na umeme wa ukutani wenyewe, volti 240. Ukizishika huku mdomo uko kwenye maikrofoni iliyoungwa kwenye mashine nyingine yenye ardhi, wewe ndiye unakuwa waya. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa hivyo jukwaani Swansea, huko Wales, mwaka 1972. Aligusa maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi nzuri. Keith Relf aliyekuwa Yardbirds alikufa mwaka 1976 nyumbani kwake, na gitaa ya umeme isiyo na ardhi salama. Hao ni watu wa Uingereza, penye mafundi na sheria. Sisi hapa tuna nyumba za kupanga ambapo ekstensheni moja imezaa nyingine tatu, na pini ya juu ya plagi mtu ameikata ili iingie. Ukihisi midomo inawashwa ukikaribia maikrofoni, acha, zima, usiseme "ni kidogo tu". Sehemu ya kwanza ya ile pesa, kwa maoni yangu, ilipe fundi umeme mwenye kibali aangalie soketi ya chumba cha mazoezi. Haitabadilisha sauti hata kidogo. Ilipwe tu.

Kingine cha kujaribu bila kulipa: gitaa yetu ina swichi ya njia tano. Kwenye gitaa nyingi za namna ile, pikapu ya katikati imetengenezwa kinyume na wenzake, waya na sumaku vyote. Weka swichi njia ya pili au ya nne, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja, na hapo unakuwa na hambaka bila kununua hambaka. Swichi yenyewe ina hadithi: gitaa za Stratocaster za mwaka 1954 zilikuwa na njia tatu tu, wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati ili wapate ile sauti tamu, mpaka Fender wakakubali na kuweka njia tano mwaka 1977. Nilijaribu ya kwetu: njia ya pili mvumo unashuka sana, ya nne unashuka kidogo. Kwa hiyo tayari tuna nusu ya dawa.

Kama bado tunataka hambaka, na mimi naona tuweke moja, basi iwekwe darajani tu, karibu na mkono wa kulia. Ya shingoni na ya katikati tuziache. Kule darajani ndiko sauti ni kali mno, hata ikipoteza mng'ao kidogo haitaumia, na ndiko wapigaji wetu wanakaa kwenye sebene. Kuna hambaka zilizotengenezwa nyembamba kwa umbo la koili moja, zinaingia shimo lile lile bila kuchonga mbao. Hizo ndizo zetu. Atakayetaka kuleta patasi ajue gitaa ni ya kikundi.

Tusinunue kwa kuangalia neno "hot" kwenye boksi. Chukueni mita. Hambaka za mtindo wa zamani zinapima kilo-ohm 7 na nusu mpaka 8 na nusu hivi. Super Distortion inafika zaidi ya 13. Namba kubwa kwa kawaida maana yake ni waya mwingi, nguvu nyingi na mng'ao mdogo. Kwa sebene tutafute namba ndogo, na sumaku ya alniko kama tukiipata kwa bei yetu. Ya seramiki siyo mbaya, ila nyingi zimetengenezwa kwa watu wa rok.

Inunuliwe yenye waya nne na ule mmoja mtupu. Hapa ndipo watu wanapoteaga. Rangi hazifanani kwa kampuni zote. Kwa Seymour Duncan, nyeusi ndiyo inayopeleka sauti, nyeupe na nyekundu zinafungwa pamoja, kijani inaenda ardhi. Kwa DiMarzio, nyekundu ndiyo inapeleka sauti, nyeusi na nyeupe zinafungwa pamoja, kijani inaenda ardhi. Nyeusi ya huyu siyo nyeusi ya yule! Kwa zile zisizo na jina za madukani, pima kwa mita: waya mbili zinazosoma pamoja nusu ya namba yote ndizo koili moja.

Zile mbili zinazofungwa pamoja tuzipitishe kwenye poti ya kuvuta juu. Ukivuta, makutano yao yanapelekwa ardhini, koili moja inalala, na hambaka inarudi kuwa pikapu ya koili moja, na mng'ao wake. Na mvumo wake, ndiyo. Kanisani unabonyeza, harusini unavuta. Nadhani pande zote mbili za ubishi zinaweza kukaa ndani ya hicho kitufe kimoja. Poti yenyewe iwe ya kilo-ohm 500. Zilizomo sasa huenda ni 250, ambazo ni sawa kwa koili moja lakini zinafunika hambaka blanketi.

Kazi ya kulehemu ifanywe mezani, mchana, baada ya kupiga picha waya zote zilivyo. Ule waya unaotoka darajani kwenda ardhini usikatwe. Pasi ikae sekunde chache tu kwenye mgongo wa poti, plastiki inayeyuka. Kabla ya kurudisha nyuzi, chomeka kebo na ugonge pikapu polepole kwa bisibisi, koili moja moja. Zote mbili zitoe "tok". Nyuzi zikirudi, weka swichi njia ya pili: sauti ikiwa nyembamba kama ya redio ndogo ya betri, hambaka na ya katikati zinapingana. Usilie, badilisha ile ya kupeleka sauti na ile ya kijani, waya mtupu ubaki ardhini pale pale. Mwisho urefu: uzi ukibonyezwa fiti ya mwisho kabisa, ubaki milimita 2 au 3 juu ya pikapu. Ikisogea zaidi, sumaku inaanza kuvuta nyuzi na tuni inayumba.

Ile pikapu ya darajani itakayotoka isiuzwe na isitupwe. Vijiti vya likembe ni vya chuma, na pikapu inasikia chuma. Mzee wetu mmoja amesema ana likembe kitandani chini tangu alipovuka Bunagana, haijapigwa miaka. Amekubali kuileta Jumamosi. Mwenye mkanda, waya na uvumilivu aje saa tisa.